Prosesa Kongwe kama Hati: Wapenzi wa Chipu na Kazi ya Mwanahistoria

Katika somo la mbinu za utafiti tulifundishwa kwamba vyanzo vya msingi vya historia ni maandishi, masimulizi na mabaki. Kwa mazoea, maandishi hupewa kiti cha mbele, masimulizi hukaa nyuma yake yakitazamwa kwa shaka, na mabaki huachiwa wanaakiolojia. Mpangilio huo umetuumiza sana sisi wa Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwa kwa muda mrefu watu wasio na karatasi walihesabiwa kuwa hawana historia. Jan Vansina, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakuba wa Kongo na baadaye katika Rwanda na Burundi, ilimbidi aandike kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1961, kutetea kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuhakikiwa kama hati nyingine yoyote.

Ugomvi huohuo wa vyanzo nimeukuta mahali ambapo sikuutarajia, yaani katika historia ya kompyuta. Hapa hatuzungumzii falme za kale. Tunazungumzia Marekani ya miaka ya 1970, nchi yenye ofisi, makabati ya mafaili, hataza na magazeti ya kila siku. Hata hivyo, mtu akitaka kujua jinsi baadhi ya mashine zilizobadilisha ulimwengu zilivyofanya kazi kwa ndani, karatasi hazimtoshi, na mara nyingine zinampotosha. Walioziba pengo hilo kwa sehemu kubwa si maprofesa wa historia. Ni wapenzi wa prosesa kongwe: wahandisi, waandishi wa programu, walimu na wastaafu, ambao jioni baada ya kazi hukusanya chipu za zamani, huzipiga picha, huzipima na kubishana juu yake. Hawalipwi, na wengi wao hawajiiti wanahistoria. Mimi naona kwamba wanastahili jina hilo, na hoja yangu yote inasimama juu ya jambo moja: wameisoma chipu yenyewe kama hati.

Kwa mwenzangu ambaye hajawahi kufungua kompyuta, prosesa ni sehemu inayotekeleza amri za programu, moja baada ya nyingine: jumlisha, linganisha, hamisha, ruka. Ndani ya kifuniko chake cha plastiki au kauri kuna kipande cha silikoni, mara nyingi kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Juu ya kipande hicho zimechorwa transista, yaani swichi ndogo mno zinazofunguka na kufungika kwa umeme, pamoja na njia za kuziunganisha. Prosesa ya Intel 4004 iliyotangazwa Novemba 1971 ilikuwa na transista 2,300. Zile za leo zinahesabiwa kwa mabilioni. Tofauti hiyo ndiyo inayozifanya chipu za kale zipendwe: akili ya mtu mmoja inaweza kuizunguka chipu ya mwaka 1971 au 1975 yote, kona hadi kona, na kuielewa.

Nianze na ile inayopendwa kuliko nyingi, 6502. Mwaka 1974 kampuni ya Motorola ilikuwa imetoa prosesa yake ya 6800, na bei ya moja ilikuwa dola 360. Chuck Peddle, mhandisi wa Motorola, alizunguka akiionyesha kwa wateja, nao wakamjibu kwamba ni nzuri ila ni ghali mno kwa mashine wanazotaka kutengeneza. Peddle akataka itengenezwe ya bei nafuu. Wakubwa wake hawakutaka. Mwaka huohuo yeye na wenzake kadhaa, akiwemo Bill Mensch, wakahama kwenda kampuni ndogo ya Pennsylvania iliyoitwa MOS Technology. Septemba 1975 walikwenda na chipu yao kwenye maonyesho ya WESCON mjini San Francisco, wakaiuza dola 25.

Simulizi ya siku hizo inajulikana na kila mpenzi wa chipu. Waandaaji wa maonyesho hawakuruhusu kuuza bidhaa ukumbini, basi wauzaji wakakodi chumba cha hoteli jirani na kuweka mezani mtungi wa kioo uliojaa prosesa, ili mteja aone kwamba bidhaa ipo kwa wingi. Peddle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ni zile za juu tu zilizokuwa nzima, na zilizokuwa chini zilikuwa mbovu, zimewekwa kujaza mtungi. Hakuna karatasi ya kampuni ambayo ingeandika jambo kama hilo. Tunalijua kwa kuwa mtu aliulizwa akiwa hai, akajibu, na jibu likahifadhiwa. Peddle alifariki Desemba 2019.

Steve Wozniak alikuwa mmoja wa walionunua chipu hiyo, akajenga nayo Apple I mwaka 1976. Baada ya hapo 6502 na ndugu zake ziliingia katika Apple II, Commodore 64, mashine za michezo za Atari na Nintendo, na BBC Micro iliyotumika katika shule za Uingereza. Kuna mkondo mwingine ambao wanafunzi wenzangu huwa hawauamini mpaka niwaeleze mara ya pili. Mwaka 1983 Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, waliotengeneza BBC Micro, walimtembelea Mensch katika kampuni aliyoianzisha Arizona. Waliona kwamba watu wachache wasio na jumba la kifahari wanaweza kubuni prosesa. Wakarudi Uingereza wakabuni yao, wakaiita ARM. Kizazi cha ARM ndicho kilicho ndani ya karibu kila simu ya mkononi inayouzwa leo, pamoja na simu ambayo huenda msomaji anaisomea insha hii.

Sasa, kwa chipu yenye uzao wa namna hiyo, mtu angetegemea kwamba michoro yake imetunzwa kama hati za taifa. Haikuwa hivyo. Commodore iliinunua MOS Technology mwaka 1976, na Commodore yenyewe ikafilisika mwaka 1994. Kampuni ikifilisika, mashine na majengo hupata mnunuzi; mafaili ya wahandisi hayana mrithi. Kilichobaki mikononi mwa umma kilikuwa vitabu vya mwongozo, na kitabu cha mwongozo humweleza mwandishi wa programu chipu inafanya nini. Hakimwelezi inafanyaje.

Mwaka 2009 watu 3, Greg James pamoja na ndugu wawili, Barry na Brian Silverman, waliamua kuiuliza chipu yenyewe. Njia yao si ya siri, na wengi wameifuata tangu hapo. Plastiki ya chipu huyeyushwa kwa asidi kali iliyochemshwa, kazi inayohitaji chumba chenye hewa ya kutosha na glavu nzito. Silikoni iliyo uchi husafishwa, huwekwa chini ya hadubini na kupigwa picha nyingi za vipande vidogo, halafu vipande huunganishwa kuwa picha moja kubwa. Kisha huja kazi ya subira: kufuatisha kila njia na kila transista juu ya picha hiyo, kama mtu anayenakili hati ya kale iliyoliwa na mchwa, mpaka mchoro mzima uwe ndani ya kompyuta. Mwaka 2010 walionyesha matokeo: programu inayoiga 6502 transista kwa transista, na kumwonyesha mtazamaji umeme ukipita njia hii na kuiacha ile. Mwaka uliofuata jarida la Marekani liitwalo Archaeology lilichapisha makala kuhusu kazi yao. Wanaakiolojia walimtambua mwenzao kabla yetu.

Ipo gharama ambayo mwanaakiolojia yeyote anaijua. Udongo ukichimbwa hauchimbwi tena. Chipu nyingi zinazosomwa kwa asidi hazirudi kufanya kazi. Kila usomaji umeua nakala moja. Kwa 6502, iliyotengenezwa kwa mamilioni, hasara ni ndogo. Kwa chipu ambayo zimebaki tano au sita duniani, uamuzi ni mgumu, na nimevutiwa na jinsi wapenzi hawa wanavyobishana kuuhusu. Mkusanyaji anasema, iacheni nzima. Msomaji anasema, nzima isiyosomwa ni jiwe tu. Binafsi naegemea upande wa msomaji ikiwa iko zaidi ya moja, na upande wa mkusanyaji ikiwa ni ya mwisho, kwa sababu kesho inaweza kuja njia ya kuisoma bila kuiyeyusha.

Usomaji huo ulitupatia nini ambacho karatasi hazikuwa nacho? Nitataja machache, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu.

Kitabu cha mwongozo cha 6502 kina sentensi fupi inayosema kwamba amri iitwayo ROR, inayozungusha biti kwenda kulia, inapatikana katika chipu za baada ya Juni 1976. Haisemi kwa nini haikuwepo kabla. Kwa miaka mingi wapenzi walirithishana maelezo kwamba chipu za kwanza zilikuwa na kosa. Mwenye chipu ya mwanzo kabisa alipoijaribu, alikuta kwamba amri hiyo, badala ya kuzungusha kulia, husukuma biti kwenda kushoto. Hapo swali likageuka. Je, hili ni kosa la fundi, au ni amri ambayo haikuwekwa tangu mwanzo, ikaongezwa wateja walipoidai? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kitabu kilichoandikwa na muuzaji. Linajibiwa kwa kutazama silikoni na kuona kama njia za amri hiyo zimechorwa vibaya au hazipo kabisa. Ni hatua ileile tunayofundishwa darasani: kimya cha chanzo nacho ni ushahidi, lakini lazima ujue kimya hicho ni cha nani.

Au tuchukue amri zisizoandikwa. Nafasi ya amri katika 6502 ni 256, na kitabu kinaeleza 151. Zilizobaki 105 hazikusemwa lolote. Waandishi wa michezo ya Commodore 64 waligundua kwa kubahatisha kwamba baadhi yake hufanya mambo ya ajabu lakini yenye faida, wakazitumia. Kwa miaka mingi elimu hiyo ilipitishwa kwa mdomo na kwa orodha za kunakiliwa, kila mmoja akiongeza la kwake. Mchoro wa silikoni ulipopatikana, ikaonekana kwamba amri hizo hazikukusudiwa na mtu. Ni amri mbili halali zinazowashwa kwa pamoja kwa kuwa wabunifu walibana nafasi. Masimulizi ya vijana wa michezo yalithibitishwa, na sababu yake ikajulikana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Nintendo. Prosesa iliyokuwa ndani ya mashine yao ya michezo ya mwaka 1983 ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh ya Japani, na ni 6502 isiyoweza kuhesabu kwa tarakimu za desimali. Uwezo huo wa desimali ulikuwa umelindwa na hataza ya MOS Technology. Picha za hadubini zilionyesha kwamba sakiti ya desimali imo ndani ya chipu ya Ricoh, karibu yote, isipokuwa transista chache zilizoondolewa ili isifanye kazi. Anayesoma hati za kale anaijua hali hii: mstari uliokwanguliwa kwa kisu, ambao bado unasomeka ukiinamisha ngozi kwenye mwanga. Wapenzi wengi wanaamini hataza ndiyo sababu ya mkwanguo huo, nami naona ni maelezo yenye nguvu, ingawa silikoni inathibitisha tendo tu. Nia ya mtendaji hutakiwa itafutwe kwingine.

Huenda mhadhiri akasema kwamba haya ni madogo, mambo ya vifaa vya kuchezea. Basi tutazame jambo lililogharimu dola milioni 475. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, alikuwa akifanya hesabu ndefu za namba tasa, akagundua kwamba prosesa mpya ya Pentium ya Intel inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Jambo lilipoenea magazetini, Intel kwanza ililipunguza uzito, halafu ikakubali kubadilisha chipu kwa kila anayetaka, na hiyo ndiyo gharama niliyoitaja. Maelezo ya kampuni yalisema kwamba katika jedwali linalotumiwa kugawanya, nafasi 5 ziliachwa tupu. Maelezo hayo yakaingia vitabuni na kukaa huko miaka 30. Mwaka 2024 Ken Shirriff, mmoja wa wasomaji mashuhuri wa chipu za kale, alilipiga picha jedwali hilo ndani ya Pentium na kulihesabu. Nafasi zilizokosekana zilikuwa 16. Zile 11 za ziada, kwa bahati, hazikuleta madhara. Sidai kwamba kampuni ilidanganya. Inawezekana ilitaja zile zenye madhara tu. Lakini tuone kilichotokea: tamko rasmi la mwenye mali lilipimwa kwa mabaki yenyewe, na mabaki yakasema zaidi.

Silikoni pia imebeba majina. Federico Faggin, Mwitaliano aliyejiunga na Intel mwaka 1970 na kuongoza ubunifu wa 4004 akishirikiana na Masatoshi Shima aliyetoka Japani, alichora herufi F.F. pembeni mwa chipu hiyo. Mwaka 1974 aliondoka Intel akaanzisha Zilog. Baada ya hapo yeye na mkewe Elvia walipigana kwa miaka mingi ili mchango wake utambuliwe, kwa kuwa historia iliyosimuliwa na kampuni iliwataja wengine zaidi. Hatimaye alipewa nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani ya mwaka 2009, pamoja na wenzake Ted Hoff na Stanley Mazor. Herufi hizo mbili zilikuwa zikingoja chini ya kifuniko tangu mwaka 1971.

Huko Zilog, Shima alibuni Z80 iliyotoka mwaka 1976, na kwa kuogopa wezi wa michoro aliweka ndani yake mitego: transista zinazoonekana kama zinafanya kazi hii kumbe zinafanya nyingine. Anayenakili kwa kutazama picha tu angepata chipu isiyofanya kazi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Wajerumani wa Mashariki walitengeneza U880 yao mjini Erfurt kwa kuinakili Z80, na Wasovieti nao walikuwa na nakala yao ya Intel 8080. Wahandisi wa kampuni ya DEC, wakijua kwamba chipu yao ya CVAX ya miaka ya 1980 itafunguliwa tu huko Moscow, waliandika juu ya silikoni, kwa Kirusi kibovu, utani uliomaanisha kwamba anayejali kweli huiba kilicho bora. Sijui hati nyingine ya Vita Baridi iliyoandikwa kwa herufi ndogo hivyo na kumlenga msomaji mmoja tu, mwizi.

Mpaka hapa nimezungumzia wasomaji. Wakusanyaji nao wana elimu yao, hasa ya kughushi. 4004 ya kauri nyeupe na dhahabu ina bei kubwa kuliko za plastiki, na penye bei kubwa waongo hawakosi. Kuna wanaokwangua maandishi ya chipu ya kawaida na kuichapa upya iwe ya nadra. Mkusanyaji mzoefu hutazama kwanza tarakimu za mwaka na wiki ya kutengenezwa: kama chipu inadai kuzaliwa kabla ya aina yake kutangazwa, hiyo ni hati ya uongo au ni ya majaribio, na zote mbili zinahitaji maswali. Hutazama aina ya herufi, rangi ya kauri, miguu imekatwaje. Huuliza imepita mikononi mwa nani. Niliposoma mijadala hiyo nilihisi niko katika mhadhara wa uhakiki wa vyanzo, tofauti ikiwa kwamba hawa wanaweka fedha zao.

Adui mkubwa zaidi kuliko mghushi ni mizani. Prosesa nyingi za kauri za miaka ya 1970 hadi 1990 zina dhahabu kwenye miguu na kifuniko, na duniani kote hununuliwa kwa kilo ili ziyeyushwe. Kwetu pia. Mwaka 1974, mwaka uleule Peddle alipoihama Motorola, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata katika nchi jirani kompyuta ndogo za kizazi cha 6502 hazikuwa kitu cha kila nyumba. Zilizotufikia kwa wingi ni za baadaye, zilizokwisha kutumika kwingine. Hapa Kampala fundi mmoja wa kompyuta alinionyesha kopo la rangi lililojaa prosesa za aina ya 486 na Pentium za kwanza. Za kauri alikuwa amezitenga na za plastiki. Nilipomwomba aniuzie moja hakuniuliza naitakia nini. Aliiweka kwenye mizani, akaangalia, akanitajia bei. Simlaumu. Dhahabu inalipa karo ya watoto, na hakuna jumba la makumbusho lililowahi kufika kwake kumwambia kwamba lingetaka moja ya kila aina. Ninachosema ni kwamba katika kopo lile kuna historia ya jinsi kompyuta zilivyotufikia, za mwaka gani na kutoka wapi, na inaondoka kwa kilo.

Ipo sehemu ambapo nawalaumu wapenzi hawa, kwa heshima. Historia yao ni ya wabunifu. Wanamjua Peddle, Faggin, Shima, Mensch. Wanajua transista ipi iko wapi. Wafanyakazi wa kiwandani hawaonekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya Fairchild ilikuwa na kiwanda Shiprock, New Mexico, katika ardhi ya Wanavajo, na wengi wa waliounganisha chipu kwa hadubini walikuwa wanawake wa Kinavajo. Mwaka 1975 wanaharakati wa Kihindi Wekundu walikikalia kiwanda hicho baada ya wafanyakazi kupunguzwa, na kampuni ikakifunga. Huo ni mwaka wa mtungi wa kioo wa San Francisco, lakini mara chache nimeona matukio hayo mawili katika ukurasa mmoja.

Wala si kwamba ushahidi haupo. Upo juu ya chipu zenyewe. Ile 486 niliyoinunua imeandikwa MALAY, kwa sababu silikoni ilipikwa sehemu moja na kusafirishwa Malaysia kufungiwa katika kauri. Intel ilifungua kiwanda chake Penang mwaka 1972, na kingine Ufilipino mwaka 1974. Wakusanyaji hunukuu maandishi hayo kwa uaminifu mkubwa katika orodha zao, neno kwa neno, kwa kuwa chipu ya Ufilipino na ya Malaysia ni vitu viwili katika mkusanyiko. Wameshatayarisha, bila kukusudia, daftari la nani alifanya kazi wapi na wiki gani. Binti aliyeingia kiwanda cha Penang mwaka 1972 akiwa na miaka 20 sasa amepita 70. Peddle aliulizwa juu ya mtungi wake, akajibu. Huyu naye ana la kusimulia kuhusu zamu, macho na mshahara, na kuna chipu nzima zenye tarehe za kumkumbushia.